Mkaja Umeshafunga Mtu

Siku ya mahari yangu niliamka nimeshakasirika, ingawa saa hiyo Didace alikuwa bado hajakosea lolote. Nilikuwa nimekasirika kwa akiba. Kutoka kwao Katumba hadi kwetu Misunkumilo, hapa Mpanda, mtu mwenye pikipiki yake anafika mapema tu, ila Didace wangu si mtu wa kufika. Njiani kuna watu, watu wana shida zao, na Didace hajawahi kuiona shida ya mtu akaipita bila kuisalimia.

Wenzangu hulia kwamba wanaume wao wana wanawake wengine. Mimi mke mwenzangu ni dunia nzima. Ni bibi kizee mwenye gunia la mkaa, ni dereva wa fuso iliyozama, ni mtoto aliyepotea sokoni. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Didace anatenda wema, tatizo haendi zake. Anakaa mpaka gunia lipandishwe kwenye baiskeli, lifungwe kamba, liongezewe kamba ya pili, na mwenye gunia aulizwe habari za nyumbani mpaka za mifugo.

Hii ilikuwa mara ya tatu wazee kukaa kwa ajili yetu. Mara ya kwanza, baada ya Pasaka, walikaa wakanywa chai mpaka birika likakauka, muoaji hakuonekana. Alikuwa amemkuta mzee mmoja stendi amekosa gari, akampakia kwenye pikipiki kumpeleka Kasansa. Kasansa! Alirudi kesho yake amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu, ananiambia yule mzee alimpa karanga. Mara ya pili alifika kweli, ila alifika na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye tope chini ya lori la tumbaku alilokuwa analisukuma.

Baba yangu, Mzee Selestini, si mkali. Siku ile ya kiatu kimoja aliangalia mguu ule kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Hata kanisani ndoa inatangazwa mara tatu. Sijawahi kusikia tangazo la nne." Wote tukaelewa. Leo ikiharibika, neno hili limekufa, na mimi na Didace tutabaki kusalimiana sokoni.

Kwa hiyo nilikuwa chumbani, nimejifunga kitenge kipya, sikio limebanwa kwenye pazia la sebuleni. Kwa upande wetu alikuwapo baba, mama, na shangazi Regina, dada yake baba, ambaye tangu nikiwa mdogo hajawahi kukosa kuona kasoro kwenye kitu chochote. Kwa upande wao alikuwapo Mzee Kasimiri, mshenga, na baba mdogo wa Didace kutoka Katumba, mtu mpole ambaye Kiswahili chake kinapitia kwenye Kirundi kwanza. Didace mwenyewe alikuwa nje, maana kwa desturi muoaji haingii mpaka aitwe.

Ajabu ni kwamba alikuwa amewahi. Saa nne haijafika nikasikia pikipiki yake uani. Nilishika moyo. Nikajiambia, Imakulata, labda Mungu ameamua kukuhurumia.

Mzee Kasimiri alikuwa anataja vitu kimoja kimoja na shangazi anapokea. Blanketi la babu, likapokelewa. Shuka la bibi, likapokelewa. Jembe, likagongwagongwa na kidole, likapokelewa. Mambo yalikuwa yanateleza.

"Mkaja wa mama," akasema shangazi.

Hapo nikatabasamu peke yangu. Mkaja ule nilikuwa naujua kuliko wote waliokuwa mle ndani. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, na kwenye mahari hupewa mama wa binti, kumwambia kwamba tunajua huyu tunayemchukua alibebwa na tumbo la mtu. Mahari bila mkaja ni dharau, hata ulete ng'ombe wa kujaza bonde. Na kwa kuwa Didace angeweza kununua kitambaa cha mapazia, mimi mwenyewe nilimpeleka dukani, nikachagua doti ya kitenge rangi ya ugoro yenye maua ya njano, nikaipiga pindo kwa cherehani yangu kwa siri. Si taratibu, najua. Lakini mimi ni fundi, nisingeweza kuacha mama yangu apewe kitu kinachochuruzika nyuzi.

"Mkaja upo," akasema Mzee Kasimiri.

"Tuuone."

Nikasikia mfuko wa karatasi ukifunguliwa, ukifungwa, ukifunguliwa tena.

"Upo," akarudia mshenga. "Ila umeshafunga mtu."

"Umeshafunga mtu? Mtu gani?"

"Kijana alikutana na jambo njiani. Mkaja amepewa mzazi."

Shangazi alipandisha sauti mpaka kuku wakatawanyika uani.

"Mzazi? Mkaja wa mama wa binti mmempelekea mama wa kijana? Nyie watu mnaoa au mnatutania? Kaka umesikia? Wamechukua mkaja wa wifi yangu wakampa mzazi wake!"

"Ego, ego, mzazi," akaitikia baba mdogo wa Didace kwa unyenyekevu, akidhani anasaidia.

"Na anakubali! Anakubali mchana kweupe! Mkono mtupu haulambwi, Mzee Kasimiri. Fungeni vitu vyenu."

"Regina, kaa," akasema baba. Sauti yake ilikuwa chini, na mimi sauti hiyo naiogopa zaidi kuliko ya shangazi. "Wageni wapewe soda. Tukishakunywa nitasema neno langu."

Sikusubiri soda. Nilitokea mlango wa nyuma nikiwa nimeshika kitenge changu kwa mkono mmoja nisianguke.

Nilimkuta nyuma ya jiko la mama, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa amevaa shati jeupe limepigwa pasi, viatu viwili, vyote vinang'aa. Ana macho yale ya kusikiliza, hata usipokuwa umesema kitu. Alikuwa amependeza, na hilo nalo likaniudhi.

"Imaku," akasema.

"Usiniite Imaku. Leo mimi ni Imakulata binti Selestini, na wewe sikujui."

"Umekasirika."

"Hasira niliamka nayo. Hii ya sasa hivi haina jina. Didace, mama yako anakosa nini kule Katumba? Vitenge hana? Angesema! Mimi si fundi? Ningemshonea gauni na kilemba juu, lakini si mkaja wa mama yangu!"

Akanitazama kama ninayeongea Kichina. "Mama yangu ameingiaje hapa?"

"Si umempa mkaja!"

"Nani kasema?"

"Mshenga wako kasema. Baba yako mdogo kaitikia. Mkaja kapewa mzazi."

"Ndiyo, mzazi."

"Unaona!"

"Imakulata, mzazi. Mwanamke aliyezaa!"

"Na mama yako hakuzaa? Wewe uliokotwa?"

"Aliyezaa juzi tu!"

Jikoni soda zilikuwa zinafunguliwa, nikasikia vizibo vikidondoka sakafuni kimoja baada ya kingine.

"Alikuwa pale zinapopakia gari za Mpimbwe," akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Nilisimama kuweka mafuta tu, nakuapia. Amekaa kwenye jiwe juani na kichanga chake, ametoka hospitali, yuko peke yake. Gari likajaa. Konda akamwita mara ya kwanza, hakusimama. Akamwita mara ya pili, hakusimama. Watu wote wanamwona na wote wanaangalia pembeni. Ndiyo nikaelewa kwa nini hawezi kusimama." Akaangalia viatu vyake. "Nyuma ya gauni."

Hakuhitaji kumaliza. Mwanamke yeyote angeelewa. Uso ukaniwaka moto kwa ajili ya mtu ambaye sijawahi kumwona.

"Ukampa."

"Nilimwekea mapajani, nikageuka. Nikamwita mama anayeuza vitumbua aje amfunge vizuri, amshike mkono mpaka kwenye gari."

"Anaitwa nani?"

"Muuza vitumbua?"

"Mwanamke, Didace!"

"Sikumuuliza."

"Unatoa mkaja wa mama yangu kwa mtu ambaye hata jina lake hulijui?"

"Ningemuuliza jina, angejua kwamba nimeona."

Sasa mtu akikujibu hivyo wewe unasema nini? Mimi nilitafuta pengine pa kushikia hasira yangu, na kwa bahati nikapapata.

"Doti ina vitenge viwili. Kingine kiko wapi?"

Akajikuna shingo. "Mtoto naye alikuwa amelowa."

"Vyote viwili! Hata kimoja hukutuachia!"

"Alikuwa mdogo sana, Imaku."

"Na duka? Mpanda nzima hakuna duka la vitenge? Ungenunua kingine!"

"Nilitazama saa."

"Tangu lini wewe unatazama saa?"

"Tangu baba yako aliposema tatu," akasema. "Nikaona nina mambo mawili. Nichelewe nikiwa na mkaja, au niwahi bila mkaja. Nikasema leo, hata iweje, nitawahi. Nimewahi. Nilikuwa hapa kabla ya saa nne."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo, maskini, na kweli kwa miaka miwili ya kupendana kwetu ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuwahi mahali. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikachagua kugombana, maana ndicho nilichokuwa nimejiandaa nacho tangu asubuhi.

"Unakumbuka tulivyokutana?" nikamuuliza.

"Mvua. Cherehani."

"Ulinikuta sokoni mvua inanyesha, nimebeba cherehani kichwani, nateleza. Ukaichukua bila kusema neno, ukanifikisha mpaka mlangoni, ukaipangusa maji kwa shati lako, ukaondoka. Hukuniuliza jina. Nikakutafuta wiki mbili."

"Wiki mbili?" Macho yake yakabadilika. "Hukuwahi kuniambia."

"Na nilikuwa nimeapa sitakuambia. Wiki mbili, Didace, nauliza kila fundi wa mashine za kusaga kama anamjua mwenzake, kijana mrefu mwenye pumba kwenye nywele. Siku ile nilikuwa mtu baki, na ulinipa jioni yako nzima. Tangu niwe wako sijawahi kupata jioni nzima. Naambiwa 'nakuja', nakaa nasubiri. Chakula kinapoa, nakipasha, kinapoa. Halafu unatokea na habari ya mtu baki mwingine. Mimi natamani nirudi niwe mtu baki. Nikae pale stendi na gunia langu. Labda utapita, utaniona."

Alisogea hatua moja, akakumbuka tuko wapi, akasimama. Mikono yake ikabaki hewani, haijui pa kwenda.

"Watu wananiuliza sababu. Sina. Naona, halafu miguu inasimama. Nimejaribu kupita, Imaku. Nikipita, mwili unafika nyumbani lakini mimi nabaki kule."

"Na mimi unaniacha wapi?"

"Wewe sikuachi. Wewe nakwenda nawe. Leo nilipotoa kile kitenge, niliona pindo zako. Nikaona ulivyozipiga, mstari mmoja mnyoofu. Mkono ukasita."

"Ukasita?"

"Nilisimama na kitenge mkononi nikaona sura yako, nikaona na ya mama. Tangu nizaliwe sijawahi kusita kutoa kitu. Leo nilisita mpaka konda akanipigia kelele nipishe. Nimetoa, ndiyo. Lakini iliniuma, na hainiumagi."

Wanaume wengine huwaambia wachumba wao kwamba ni nyota, ni asali. Mimi nimeambiwa mkono ulisita. Nilisimama pale kando ya kamba ya nguo, nimemkasirikia mtu kuliko nilivyowahi kumkasirikia yeyote, na mwili wangu wote unataka kwenda kumwegemea kifuani. Tulitazamana. Hakuna aliyepepesa.

Mtu akakohoa.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, sinia la soda mikononi, na chupa zote bado zimejaa. Hajui kutembea kwa kelele, mama yangu. Sikujua amesikia kuanzia wapi.

Didace akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaweka sinia juu ya ndoo. "Huyo mtoto, ni wa kike au wa kiume?"

"Sikuona, mama. Nilikuwa nimegeuka."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Nenda mbele ukasimame mahali unapotakiwa kusimama."

Akaenda. Alipopita akanigusa kiwiko kwa kidole kimoja tu, tena kwa haraka, na nilihisi kidole kile mpaka kwenye nyayo.

"Imakulata," akasema mama tukiwa wawili. "Mkaja ni wangu. Si wa shangazi yako, wala si wa baba yako. Wa kuukataa ni mimi na wa kuupokea ni mimi. Nitaingia niseme nimeupokea."

"Asante, mama. Asante sa—"

"Sijamaliza." Alikuwa ameanza kupanga upya chupa ambazo hazikuhitaji kupangwa. "Kile kitenge kilikuwa kizuri. Nilikiona chini ya cherehani yako wiki iliyopita, nikajifanya sijaona. Nilishachagua na Jumapili ya kukivaa. Kwa hiyo nimeumia, na sitaki mtu yeyote aseme sikuumia."

Nikaona aibu. Katika kelele zangu zote nilikuwa nimempigania mama bila kumfikiria hata kidogo.

"Lakini mimi naumia leo tu," akaendelea. "Wewe ndiye wa kuishi naye. Utapika, atachelewa. Utatandika kitanda, blanketi utalikuta kwa jirani. Siku utakayojifungua wewe, huenda naye yuko njiani anamfunga mzazi mwingine. Hatabadilika, usijidanganye. Mwanaume mlevi unaweza kumwombea aache pombe. Huyu utamwombea aache nini? Mimi namsamehe mara moja, wewe utamsamehe kila siku. Ndiyo nakuuliza, mwanangu. Utaweza?"

"Sijui, mama."

"Basi ujue kabla baba yako hajakuita."

Akabeba sinia lake akaingia. Nilirudi nyuma ya pazia nikiwa na uso uliolowa na kichwa kinachogonga.

Mle ndani mama aliwaeleza kwa maneno machache: mwanamke, stendi, kichanga. Gauni hakulitaja. Shangazi Regina akapiga paja.

"Mzazi! Kumbe mzazi!"

"Si ndivyo nilivyosema toka mwanzo?" akalalamika Mzee Kasimiri. "Nimesema mzazi. Mwenzangu naye akasema mzazi. Ningesema nini tena?"

"Ungesema aliyejifungua! Mtu mzima unatuletea neno moja lenye milango miwili, unategemea tuingie wa kwako?" Lakini shangazi si mtu wa kushindwa kirahisi. "Hata hivyo, wifi, mkononi mwako kuna nini? Hewa."

"Mkaja kazi yake ni kumfunga mzazi," akasema mama. "Umemfunga mzazi. Nimeupokea."

Nikamsikia baba akivuta pumzi ndefu, zile za mtu aliyetaka siku nyepesi akapewa hii.

"Mama mwenye mkaja amesema, mimi sina ubishi naye," akasema. "Lakini anayekwenda kuishi Katumba si mama. Imakulata aitwe. Na kijana naye aitwe, asimame hapa tumtazame."

Nilitoka nimejitanda kichwani, nikapiga magoti kwenye mkeka mbele ya baba. Ndiyo taratibu yetu: binti anaulizwa mara tatu mbele ya wazee wa pande zote, na jibu lake likishatoka halirudi. Akisema pokeeni, vitu vinabaki. Akinyamaza hadi mara ya tatu, vinarudishwa kwenye pikipiki na wageni wanashukuriwa kwa safari.

Mzee Kasimiri akatoka mlangoni kumwita Didace. Tukamsikia akiita. Akaita tena. Akarudi akasimama kizingitini, hataki kututazama usoni.

"Nini tena?" akauliza shangazi.

Mshenga akasogea pembeni ili tujionee. Mlango wetu unatazama barabara. Ng'ambo, mwanamke mmoja alikuwa ameangusha baiskeli yake mtaroni ikiwa na gunia la mahindi, na ndani ya mtaro, shati jeupe, viatu vinavyong'aa, alikuwa Didace. Amebeba gunia begani. Mahindi yalikuwa yanamwagikia kwenye kola.

"Ukistaajabu ya Musa," akasema shangazi Regina, akapiga makofi mara moja, "utaona ya Firauni. Dakika tano! Ameshindwa kusimama mahali dakika tano!"

Baba mdogo wa Didace akafunika uso kwa viganja vyake vyote viwili. Mama alikuwa ananitazama mimi.

Baba aliangalia ule mtaro kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mguu usio na kiatu.

"Imakulata," akasema. "Yule pale mtaroni, unamfahamu?"

Sikujibu. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kama mtu aliyepanda kilima akafika juu, akaonyeshwa kingine. Niliona miaka yangu yote mbele: sufuria linalopashwa moto, mlango ninaouchungulia, majirani wakiniuliza mzee yuko wapi na mimi nikisema anakuja. Hakuna aliyenificha kitu. Kila kitu kilikuwa mbele ya macho yangu, mchana, na wazee wakishuhudia.

"Imakulata. Unamfahamu?"

Didace alikuwa amelikalisha gunia kwenye baiskeli. Akalifunga kamba. Nikajua, kabla hajafanya, kwamba atatafuta kamba ya pili, na kweli akavua mkanda wake wa suruali. Ndipo akageuka akaona mlango umejaa watu. Alishtuka. Akainua mkono juu kidogo, mkono mwingine umeshika suruali isianguke, na macho yake yakapita juu ya shangazi, juu ya baba, juu ya wote, yakanitafuta mimi chini kwenye mkeka. Yakanipata.

Nilimpenda. Nampenda, niseme nini? Nilikuwa na sababu mia moja za kunyamaza na zote zilikuwa za kweli, lakini nilijua nikinyamaza nitakuwa nimempita mtu juani nikiangalia pembeni, na huyo mtu nitakuwa ni mimi.

"Mara ya tatu, mwanangu," akasema baba, na sauti yake ilikuwa ya huruma sasa. "Yule kijana unamfahamu?"

"Namfahamu, baba," nikasema. Shangazi akakunja mdomo, mama akafumba macho. "Namfahamu vizuri mno. Pokeeni. Halafu mtu aende akamshike mkono amlete, kabla hajamwona mwingine."